Miaka mitano chini ya nyumba ya Clifton

Siku ya kwanza kwenda kuiangalia ile nyumba, Machi 2018, nilipanda ngazi za mawe mpaka kwenye mlango mkubwa mweusi nikabonyeza kengele. Aliyenifungulia alinitazama, akamtazama mwanangu niliyemshika mkono, kisha akanyoosha kidole chini, upande wa uzio wa vyuma. Mlango wetu ulikuwa huko. Kati ya njia ya miguu na ukuta wa nyumba pamechimbwa ua mwembamba, kina chake kinampita mtu mrefu, na unashukiwa kwa ngazi nyingine za mawe zilizolika katikati kama kijiko. Nilihesabu vidato 13. Huko chini ndiko nilikokaa miaka mitano, na karibu yote ninayoyajua kuhusu nyumba za kale za mijini Uingereza nimeyajulia huko.

Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe, Unguja. Nimezaliwa Mkunazini katika nyumba ya mawe na chokaa, na babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi. Kwa hiyo niliingia Clifton nikijiona mjuzi wa nyumba za kale. Nilikosea, na kosa langu lilikwenda kukaa kwenye kifua cha mwanangu. Ndiyo maana naandika.

Clifton iko mlimani, magharibi ya katikati ya Bristol, mji wa bandari wa Uingereza. Matajiri wa bandari walipochoka na moshi na harufu ya mjini, mwishoni mwa karne ya 18, walianza kujengewa nyumba huko juu, safu kwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani. Yetu ilianzwa mapema miaka ya 1790. Nasema ilianzwa kwa makusudi. Februari 1793 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani, mikopo ikakatika, na wajenzi wa Bristol waliokuwa wakijenga kwa fedha za kukopa wakafilisika mmoja baada ya mwingine. Mitaa mizima ikabaki magofu mapya: kuta zimesimama, paa hakuna, mvua inanyesha ndani mwaka baada ya mwaka. Royal York Crescent, ile safu ndefu iliyopinda kama mwezi mchanga, ambayo kila mgeni hupiga picha, ilianzwa 1791 ikamalizika 1820. Mtoto aliyezaliwa siku msingi wake ulipochimbwa alikuwa mtu mzima wa miaka 29 safu ilipokamilika. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilishangaa, maana ukizitazama leo nyumba hizo unadhani zilishushwa zote siku moja, zimetulia, hazijawahi kujua shida.

Kutulia huko ndiko kulikokusudiwa. Uso wa nyumba yetu ni laini, mweupe wa maziwa, na umechorwa mistari ya kwenda na ya kusimama ili uonekane umejengwa kwa mawe makubwa yaliyochongwa. Ni lipu. Kwa miezi mingi nilipita pale nikiamini ni mawe, mpaka siku kipande kilipobanduka karibu na dirisha letu nikaona kilicho nyuma yake: mawe ya ovyo ovyo, makubwa kwa madogo, yamejazwa chokaa. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ukuta huo nilikuwa naujua tangu utotoni. Kwetu mawe ni ya matumbawe na udongo mwekundu unachanganywa kwenye chokaa, lakini namna ya kuupanga ukuta ni ile ile.

Madirisha nayo yana lugha yake. Ghorofa ya juu ya mlango mkubwa ndiyo yenye madirisha marefu kuliko yote, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa sebule za wageni. Ghorofa inayofuata, ya vyumba vya kulala, yanapungua kimo. Juu kabisa, walikolala watumishi, yamekuwa madogo na karibu mraba. Ukisimama ng'ambo ya barabara unaweza kusema kila aliyekaa nyuma ya dirisha alikuwa na cheo gani, bila kumwona. Letu la chini halionekani kutoka barabarani. Ukitaka kuliona inabidi uje mpaka kwenye uzio, uiname.

Watu hupenda kuwaambia wageni kwamba kila dirisha lililozibwa katika miji hii lilizibwa kwa kukwepa kodi. Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, kuanzia 1696 mpaka 1851, na wapo walioziba. Lakini ubavuni mwa nyumba yetu lilikuwepo dirisha la kuziba ambalo nyuma yake lilipita bomba la moshi wa meko. Halikuwahi kuwa dirisha hata siku moja. Mjenzi alitaka tu upande ule ulingane na mwenzake, akachora jicho mahali pasipo na jicho. Waingereza wa zama zile walikuwa wamezama katika ulinganifu, waliuchukua kutoka majengo ya Roma na Italia, na waliupenda kuliko mwanga.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi siku tuliyokwenda Bath, ambako kwa treni ni karibu tu. Royal Crescent ya Bath ilianza kujengwa 1767 chini ya msanifu John Wood mdogo (baba yake naye aliitwa hivyo), nyumba 30 nyuma ya uso mmoja wenye nguzo 114. Kila mtu husimama kwenye majani mbele yake. Mimi na mwanangu tulizunguka nyuma. Nyuma hakuna nyumba inayofanana na mwenzake: hii imetokeza, ile imeingia ndani, mabomba yanapanda na kushuka, paa moja liko juu na jingine chini. Sababu ni kwamba mnunuzi alipata kipande cha uso, akalazimika kuufuata kama ulivyochorwa, kisha nyuma yake akajenga anavyotaka kwa mjenzi wake mwenyewe. Mwanangu, wakati huo ana miaka saba, aliniuliza, "Mama, hii ni nyumba ile ile?" Nikamwambia ndiyo. Hakuniamini, tukarudi mbele kuhesabu.

Sasa nirudi chini.

Chumba changu cha kulala kilikuwa jiko la nyumba nzima. Meko yake, ambayo mwenye nyumba aliifunika kwa ubao uliopakwa rangi nyeupe, ilikuwa pana kuliko kitanda changu. Usiku upepo ukivuma juu ya paa, ubao ulikuwa ukivutwa na kuachwa, ukivutwa na kuachwa, kama kuna mtu anahema nyuma yake. Chini ya sakafu ya kisasa ya kubandika, pembeni ilipoachana, niliona mabamba ya mawe ya Pennant, yale ya kijivu cha zambarau ambayo ndiyo yamelaza njia za miguu za Bristol. Mbele ya meko bamba limechimbika kidogo mahali pawili, sawia na upana wa miguu ya mtu aliyesimama. Nilivua viatu nikasimama hapo. Miguu yangu iliingia.

Juu ya mlango palikuwa na tundu dogo ukutani, kipenyo cha kalamu, na ndani yake kipande cha waya kilichokatika. Waya ule ulipanda ndani ya kuta mpaka sebuleni. Wa juu akivuta, kengele inalia chini, na wa chini anapanda. Alipandia ngazi zake, nyembamba, nyuma ya nyumba, ambazo sasa zimezibwa baada ya nyumba kugawanywa vipande vya kupangisha. Ng'ambo ya ua wetu, chini kabisa ya njia ya miguu, kuna ghala lenye dari ya kuviringa lililokuwa la makaa ya mawe. Makaa yalimwagwa kupitia tundu la duara njiani juu, lenye kifuniko cha chuma, ili mchuuzi asikanyage ndani. Tuliweka baiskeli humo. Ukikaa kimya ndani ya ghala lile unasikia viatu vya watu vinapita juu ya kichwa chako.

Unyevu ulianza kuonekana Oktoba ya mwaka ule ule. Ukuta wa nyuma, kando ya meko, uliota doa la kahawia lenye ukingo mweupe wa chumvi. Rangi ikavimba mapovu, na ukiyabonyeza yanatoa unga. Nyuma ya kabati la nguo za mwanangu ukungu mweusi ukapanda mpaka kimo cha magoti. Akaanza kukohoa usiku.

Hapa lazima niseme kweli. Mwenye nyumba aliponiuliza nataka afanye nini, mimi ndiye niliyesema simenti. Alikuwa tayari kuleta hata mtu wa kuangalia kwanza. Nikamwambia hapana, aubomoe ule unga na kupiga simenti ngumu, apake na rangi ya kuzuia maji juu yake, mambo yaishe. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyofanya baba yangu kwetu Mkunazini nilipokuwa na miaka kumi. Babu alikuja siku ile, akaona mifuko ya simenti imepangwa uwandani, akageuka akaenda zake bila kunywa chai. Sisi watoto tulimwona mtu wa zamani asiyetaka maendeleo. Simenti ilikuwa ndiyo usafi, ndiyo maisha mapya.

Basi mafundi walikuja, wakapiga simenti kimo cha kifua. Ukawa mzuri, mkavu, wa kung'aa. Baada ya majira mawili ya baridi doa lilitokea tena, safari hii juu ya simenti, mahali ambapo hapo mwanzo palikuwa pakavu kabisa. Maji yalikuwa yameupanda ukuta yakitafuta pa kutokea, yamekuta njia imezibwa, yakaendelea kupanda. Kikohozi cha mwanangu kikageuka cha kubana kifua, tukapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Katikati ya miaka hiyo, 2019, nilikwenda kwa mara ya kwanza katika nyumba namba 7, Great George Street, mteremko mmoja kutoka kwetu. Ni nyumba ya zama zile zile, imehifadhiwa na jiji kama makumbusho, na siku ile hapakuwa na kiingilio. Ilijengwa kati ya 1788 na 1791 kwa ajili ya John Pinney, tajiri wa sukari. Nilikwenda kwa sababu moja tu: nilitaka kuona jiko langu lilikuwaje kabla halijawa chumba cha kulala. Na nililiona. Meko ileile, vyombo vimepangwa, vyuma vya kuchomea nyama vipo. Chini zaidi kuna bwawa la mawe la maji baridi ambamo Pinney alikuwa akijitosa kwa ajili ya afya yake. Nilisimama ukingoni nikafikiri juu ya mtu aliyeyabeba maji, na aliyepiga deki sakafu baada ya bwana kutoka.

Fedha ya nyumba ile ilitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi, kwenye shamba la miwa lililoitwa Mountravers, lililolimwa na watumwa wa Kiafrika. Mwaka 1765 Pinney alimnunua huko mtoto wa miaka 12 aitwaye Pero, pamoja na dada zake wawili wadogo. Alipohamia Uingereza, 1783, alimleta Pero kuwa mtumishi wake wa karibu. Akaja pia mwanamke aitwaye Fanny Coker, mshonaji, ambaye alikuwa ameachwa huru tangu 1778. Pero hakuachwa huru. Aliishi Bristol miaka 15, akafa 1798. Dada zake walibaki Nevis.

Nilipanda kutoka jikoni mpaka sebule ya juu, yenye madirisha marefu na mandhari ya mji wote, na miguu ikawa mizito. Si kwamba sikujua biashara ya watumwa ilikuwepo. Nimekulia hatua chache kutoka lilipokuwa soko la watumwa la Unguja, lile lililofungwa 1873, ambapo sasa pana kanisa. Nililijua kama somo la historia. Lakini hapa palikuwa na ngazi za nyuma, na ngazi za nyuma nilikuwa nazijua kwa mwili wangu, maana nilikuwa nalala zinapoanzia. Mtu mmoja mwenye jina alizipanda kengele ilipolia. Nyumba hizi ukianza kuzitazama kutoka sebuleni utaona plasta ya maua darini, mbao za mahogani, ulinganifu. Yote hayo ni mazuri kweli, sitasema si mazuri. Ila anayeanzia sebuleni anaweza kumaliza ziara nzima asiulize nani alileta makaa.

Usiku ule nilimpigia Babu. Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana hali, kisha nikamuuliza jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza: katika nyumba yetu ya Mkunazini, vile vyumba vya chini visivyo na dirisha, kabla havijawa ghala, alikuwa akikaa nani?

Alinyamaza. "Watu," akasema.

"Watu gani, Babu?"

"Watu waliokuwa hawana pa kwenda, mwanangu." Kisha akaniuliza kama huku kuna baridi.

Bandarini Bristol kuna daraja la watembea kwa miguu lililofunguliwa 1999 na kupewa jina la Pero. Lina pembe mbili kubwa za chuma zinazoangalia juu, na wengi wanadhani ni pambo. Zile pembe ni uzani: sehemu ya kati ya daraja hunyanyuka kupisha mashua, na pembe ndizo zinazobeba uzito upande wa pili. Nililifahamu jambo hilo bila kuelezwa sana, kwa sababu wiki chache nyuma kamba ya dirisha letu ilikatika na fundi akalifungua sanduku la mbao lililofichwa ndani ya fremu. Dirisha la nyumba hizi halifunguki kwa bawaba kama la kwetu Unguja, linapanda na kushuka, na kila upande kuna kamba inayopita juu ya kapi na kushuka kwenye chuma kizito kinachoning'inia ndani ya fremu. Ndiyo maana mtoto anaweza kulipandisha kwa vidole viwili. Unaona kioo kinaruka juu kama hakina uzito, na uzito wote umo ndani ya ukuta, gizani.

Siku ya Krismasi ya 2020 simu yangu ilijaa picha. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilikuwa limeanguka sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini humo walipoteza maisha. Nilipiga kwa video kumpa pole Babu, maana alilifanyia kazi jengo lile ujanani. Alikuwa amekaa barazani, macho mekundu. Tulizungumza kidogo tu. Halafu akasogeza uso karibu na simu.

"Mwanangu, huo ukuta nyuma yako una nini?"

Nikageuza simu. Akaniambia nisogee. Akaniambia niupige kwa kifundo cha kidole, asikie. Nikapiga.

"Nani kaupiga simenti?"

"Mimi niliwaambia, Babu."

Nilingoja kugombezwa. Hakunigombeza. Alisema, "Ukuta wa chokaa umevaa kanga. Ukiuvika nailoni, hilo jasho litakwenda wapi?" Kisha akauliza swali ambalo katika miaka miwili na zaidi hakuna aliyeuliza, si mwenye nyumba, si mafundi, si mimi: maji yanatoka wapi?

Tulipoanza kutafuta, jibu lilikuwa juu kabisa ya nyumba. Ukisimama barabarani huoni paa, maana limefichwa nyuma ya ukuta mfupi ili uso wa nyumba umalizike kwa mstari ulionyooka. Nyuma ya ukuta ule paa letu limekaa kama herufi M, na katikati, kwenye bonde lake, kuna mfereji wa madini ya risasi unaopeleka maji ya mvua yote nyuma ya nyumba kwenye bomba moja. Bomba lile lilikuwa limepasuka kimo cha ghorofa ya pili. Kila mvua ya Bristol, na mvua ya Bristol haina likizo, ilikuwa ikimwagika ndani ya ukuta na kushuka mpaka jikoni kwangu. Walioishi juu hawakuona kitu.

Kiangazi cha 2021, baada ya bomba kutengenezwa, mwenye nyumba alimleta mzee mmoja anayefanya kazi za chokaa peke yake, hagusi simenti. Alipoingia alinusa tu. Akanieleza jambo rahisi ambalo lingenisaidia tangu mwanzo: simenti ya Portland, aina tunayotumia leo, ilipewa hataza, yaani hati ya mvumbuzi, 1824. Nyumba hii ni ya miaka ya 1790. Haijawahi kuijua simenti, haikujengwa kwa ajili yake. Kuta zake hazina tabaka la kuzuia maji kupanda kutoka ardhini, zinategemea kunywa na kutoa, kunywa na kutoa.

Aling'oa simenti siku mbili. Iliachia kwa mabamba makubwa, na nyuma yake mawe yalikuwa meusi, yanang'aa maji, yana harufu ya kisima. Kwenye chokaa ya zamani kati ya mawe aliniokotea kipande akaniwekea kiganjani: punje nyeupe za chokaa ambazo hazikuchanganyika sawasawa, na chembe nyeusi za mkaa uliotoka kwenye tanuru. Mkono wangu ulitetemeka kidogo. Kipande kama hicho nilikuwa nikikichokoa kwa kijiti ukutani Mkunazini nikiwa mtoto, mkaa na vile vinundu vyeupe, na Babu akinieleza kuhusu tanuru la matumbawe na magogo, moto usiku kucha, halafu maji, halafu kungoja miezi. Chokaa ni jiwe lililochomwa mpaka likaachia hewa yake, likamwagiwa maji, likapakwa, kisha linaivuta ile hewa tena polepole mpaka linarudi jiwe. Hivyo hivyo Bristol, hivyo hivyo Unguja.

Ukuta uliachwa wazi wiki sita, madirisha yamefunguliwa. Tulilala chumba cha mbele. Kisha mzee akaanza: tabaka la kwanza lenye nywele za mbuzi ili lishikamane, akalichora mistari ya kukatana kwa ncha ya kijiti, akalifunika kwa magunia mabichi ili lisikauke kwa haraka likapasuka. Kabla ya tabaka la pili alingoja siku nyingi, na kila asubuhi alikuwa akilijaribu kwa ukucha wa kidole gumba. Siku moja nilimpigia Babu ili amwone. Hawakuwa na lugha moja. Mzee alinyanyua ubao wake wenye chokaa, Babu akatazama namna inavyokaa bila kumwagika, akasema kwa sauti ya mtu anayepitisha kazi: "Imelala hiyo." Niliitafsiri kwa shida. Mzee wa chokaa aliinamisha kichwa mbele ya simu.

Ukuta ulikauka. Si kama vigae, huwezi kuufananisha na vigae. Siku za mvua nyingi ulikuwa unatia wingu kidogo, na siku ya pili umeachia. Mwanangu aliacha dawa ya kuvuta majira ya kuchipua ya 2022.

Mwaka uliofuata kodi ilipandishwa, ikatushinda, tukahama. Kabla ya kurudisha funguo niliandika karatasi nikaiacha kwenye droo ya jikoni kwa ajili ya atakayekuja. Nilimwambia asisukume kabati mpaka ukutani, aache nafasi ya ngumi. Akipaka rangi, apake chokaa au rangi inayopitisha hewa, na akiambiwa habari ya simenti akatae. Mvua kubwa ikinyesha atoke uani nyuma atazame bomba, pale juu, mkono wa kushoto. Nilimchorea mshale. Nikamwonyesha pia tundu la waya juu ya mlango, na yale mashimo mawili kwenye bamba la mbele ya meko, pembeni sakafu inapoachana, ili ajue ni ya nini na asije akayajaza.